Diski moja, kazi tatu: prosesi zipangwe kwa kigezo gani?

*Shikamoo mwalimu. Ninasimamia seva ya ofisi ya wakala wa forodha hapa Tanga. Ni mashine moja ya Ubuntu yenye diski moja ya sumaku ya terabaiti 2. Ndani yake kuna PostgreSQL, yaani hifadhidata ya ankara, Samba, inayogawa nyaraka zilizoskaniwa kwa kompyuta za ofisi, na bakapu (nakala ya akiba) ya vyote viwili. Usiku ofisi inazima umeme, kwa hiyo bakapu inaendeshwa saa saba mchana, na hapo ndipo dirisha la ankara linapoganda. Nimesoma kwamba prosesi, yaani programu zikiwa zinaendeshwa, zinaweza kuwekwa kwenye makundi na kila kundi likapewa mgao wake wa diski. Ninachoshindwa kuamua ni kigezo. Niipange kila prosesi peke yake, nipange kwa mtumiaji, au kwa programu?*
*Msomaji, Chumbageni, Tanga*

Marahaba, mwanangu. Swali lako limenifurahisha kwa sababu umeuliza kigezo kabla ya kuuliza amri. Wengi huniletea amri waliyoinakili mahali, wakitaka niwaambie kwa nini haikufanya kazi, na karibu kila mara amri yenyewe haina ubaya. Ubaya uko kwenye kundi: walilolibana silo linalogusa diski, au wamemfungia anayeumia chumba kimoja na anayemuumiza.

Jibu langu ni hili: panga kwa kazi, yaani kwa huduma. Ila ukiishia hapo utaponzwa, maana bakapu yako ya PostgreSQL haimo kwenye kundi unalodhani imo. Nitafika huko.

Tuanze na diski yenyewe. Diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa milisekunde 8.3. Kichwa kikitakiwa kwenda mbali kinatumia kama milisekunde 8 au 9 kusogea, halafu kwa wastani kinangoja nusu ya mzunguko, milisekunde 4.2, mpaka data ipite chini yake. Jumla ni karibu milisekunde 13 kwa ombi moja, yaani maombi kama 80 kwa sekunde. PostgreSQL husoma kurasa za kilobaiti 8. Basi karani anayetafuta ankara za mteja mmoja, zilizotapakaa diski nzima, atapata kilobaiti 640 kwa sekunde, na hapo diski ni yake peke yake. Bakapu inayosoma faili kubwa mfululizo, kwenye diski hiyo hiyo, inavuta zaidi ya megabaiti 100.

Ukitazama megabaiti tu utasema karani hatumii kitu. Kumbe kila mmoja wao, akiwa peke yake, anaimaliza sekunde nzima ya diski. Kinachogombewa hapa ni muda wa kichwa cha diski. Lishike hilo, kwa sababu ndilo litakaloamua kama utumie uzito (fungu la kundi pale wanapogombania) au kikomo (kiwango ambacho kundi halivuki kamwe).

Sasa vigezo. Foleni ya ndoo bombani unaijua. Zikihesabiwa ndoo, aliyekuja na ndoo kumi atateka mara kumi ya mwenye ndoo moja, na hakuna aliyeruka foleni. Zikihesabiwa nyumba, mambo yanabadilika. Kupanga kwa prosesi ni kuhesabu ndoo. PostgreSQL hufungua prosesi mpya kwa kila muunganisho, Samba hufungua moja kwa kila kompyuta iliyounganishwa, na rsync, programu ya kunakili mafaili, ikiwa ndani ya mashine moja huendesha prosesi tatu. Ukimwambia `pg_dump`, programu inayotoa nakala ya hifadhidata ya PostgreSQL, afanye kazi kwa mikono minne, ndani ya hifadhidata zinazaliwa prosesi nne za kusoma. Idadi hizo zimetokana na jinsi waandishi wa programu walivyopenda kuziunda, wala hazisemi lolote kuhusu nani ana haraka ofisini kwako. Halafu prosesi inazaliwa na kufa kila dakika. Utamkimbiza nani na namba yake?

Njia ya kila prosesi ipo, nayo ni `ionice`. Ilikuja Linux mwaka 2005, kwenye toleo la 2.6.13, ikimtegemea mpangaji wa foleni ya maombi ya diski aitwaye CFQ. Ina madaraja matatu: la dharura, la kawaida lenye ngazi 0 hadi 7, na la kungoja mpaka diski iwe bure. Ni chombo kizuri kwa kazi ya mara moja, kwa mfano unaponakili faili kubwa na hutaki kuwasumbua wenzako. Lakini ionice inataka mpangaji anayeisikiliza. CFQ iliondolewa kwenye toleo la 5.0 mwaka 2019, na mrithi wake, BFQ, alikuwa ameshaingia kwenye 4.12 mwaka 2017. Andika `cat /sys/block/sda/queue/scheduler` uone kilicho ndani ya mabano. Kama ni `none`, ionice yako ni hodi kwenye nyumba isiyo na mtu.

Kwa mtumiaji je? Kigezo hiki kinavutia kwa sababu kinafanana na haki: kila mtu na fungu lake. Ila kwenye seva yako hakuna watu. PostgreSQL nzima inaendeshwa na mtumiaji mmoja wa mfumo, `postgres`. Karani wa dirishani, mhasibu anayetoa ripoti ya mwaka na programu inayotuma ujumbe kwa wateja, wote machoni pa kerneli, yaani kiini cha Linux, ni mtu huyo huyo. Bakapu inayoanzishwa na cron, mwanzishaji wa kazi za ratiba, inaendeshwa na `root`, na `root` ana mambo mengine mengi. Mahali pa kigezo cha mtumiaji ni mashine ambayo watu wanaingia wenyewe, kama maabara ya chuo ambako wanafunzi 30 wanaingia kwa mbali kwa ssh na mmoja wao anajenga programu nzito kutoka kwenye msimbo wake. Huko systemd, msimamizi wa huduma za mashine, imeshafanya kazi: kila aliyeingia anawekwa kwenye kundi lake, `user-1001.slice`, `user-1002.slice` na kuendelea, na uzito wao unaanza ukiwa sawa.

Mkanganyiko wako hukuuzua wewe. Mwaka 2008 wahandisi wa VA Linux Systems Japan walileta kifaa kilichoitwa dm-ioband, ambacho kilimwachia msimamizi achague mwenyewe kama mgao uhesabiwe kwa namba ya prosesi, kwa mtumiaji au kwa kundi. Hakikuingizwa kwenye kerneli rasmi. Njia iliyoshika ni ya makundi ambayo Linux inayaita cgroup, yaliyoanzishwa mwaka 2006 na wahandisi wa Google, Paul Menage na Rohit Seth, yakaingia kwenye toleo la 2.6.24 mwaka 2008. Mgao wa diski kwa uzito ulifika kwenye 2.6.33 mwaka 2010, vikomo vikafuata kwenye 2.6.37, na muundo wa pili, unaotumiwa na Ubuntu za sasa, ulitangazwa kuwa tayari kwenye 4.5 mwaka 2016. Kwa maoni yangu waliamua vizuri. Ukipewa kundi tupu unaweza kutia humo mtumiaji, huduma au prosesi moja. Ukipewa kigezo kilichogandishwa huwezi kutoka nje yake.

Kanuni moja ya makundi haya ubaki nayo kichwani: prosesi inazaliwa kwenye kundi la mzazi wake. Kwa hiyo hati yako ya bakapu ikianzishwa na cron imo ndani ya `cron.service`, pamoja na kila kitu kingine cha cron. Ukiianzisha kwa mkono kutoka ssh, imo ndani ya kundi lako wewe uliyeingia. Hati ni moja na makundi ni mawili. Nimewahi kukaa na kijana mmoja kwenye seva yake mchana kutwa, akiniapia kwamba kikomo alichoweka kinafanya kazi, na kweli kila tulipojaribu kilifanya kazi, kwa sababu kila mara tulianzisha bakapu kwa njia ya huduma. Saa yake halisi ilipofika, cron ikaianzisha kwa njia yake, nje kabisa ya kundi lililobanwa. Usikisie. Chukua namba ya prosesi, andika `cat /proc/NAMBA/cgroup`, kerneli itakuambia yenyewe.

Sasa lile nililokuahidi. `pg_dump` haisomi diski. Ni mteja kama karani wako: inafungua muunganisho, inaomba majedwali, na anayekwenda diskini kuyasoma ni prosesi ya PostgreSQL iliyofunguliwa kwa ajili yake. Prosesi hiyo imo ndani ya kundi la PostgreSQL. Kwa hiyo ukimfunga `pg_dump` kwenye kundi jembamba, usomaji mzito unabaki upande wa pili, umekaa benchi moja na karani. Na ukiipandishia PostgreSQL uzito ili karani apone, umempandishia na huyo anayemkwamisha.

Hapa ndipo ninaposema usiulize nani ameagiza kazi, uliza nani anagusa diski. Suala hili halimalizwi na makundi. Linamalizwa kwa kupunguza kasi ya mteja, maana mteja akipokea polepole, soketi, yaani njia ya mawasiliano kati yao, inajaa na msomaji ndani ya PostgreSQL analazimika kungoja:

`pg_dump -Fc ankara | pv -L 4m > /mnt/bakapu/ankara.dump`

`pv -L 4m` inaruhusu megabaiti 4 kwa sekunde. Kumbuka kwamba data hiyo imeshabanwa iwe ndogo, kwa hiyo usomaji halisi diskini utakuwa mkubwa kuliko namba hiyo. Anza chini, upandishe taratibu. Ukiwa unatumia `pg_basebackup`, yenyewe ina `--max-rate` na huhitaji `pv`. Gharama yake ni kwamba `pg_dump` inayochukua saa mbili inashikilia picha ya zamani ya hifadhidata kwa saa hizo mbili, na usafishaji wa safu zilizokufa unacheleweshwa. Kwa hifadhidata ya ankara ya ofisi moja, hilo nalivumilia.

Bakapu ya nyaraka za Samba ni habari nyingine. Hapo rsync inasoma diski kwa mikono yake, na kundi linamshika barabara.

Mtego unaofuata uko kwenye ngazi. Uzito unalinganishwa kati ya ndugu wa mzazi mmoja tu. Kwenye Ubuntu, `postgresql.service` ni ganda tupu. PostgreSQL yenyewe inaishi ndani ya huduma yenye jina kama `postgresql@16-main.service`, na hiyo nayo imo ndani ya `system-postgresql.slice`. Ukiweka `IOWeight` kwenye ganda, umeandika juu ya maji. Ukiiweka kwenye `postgresql@16-main.service`, umeshindanisha mtoto wa pekee na nafsi yake, maana chumbani humo hana ndugu. Anayepimwa na `smbd.service` ni `system-postgresql.slice`, kwa kuwa wote wawili ni watoto wa `system.slice`. Andika `systemd-cgls` uutazame mti wote kabla hujagusa namba yoyote.

Kwa seva yako ningefanya hivi. Bakapu ningeitoa kwenye cron, niitengenezee huduma na kipima saa cha systemd, na ndani ya huduma hiyo niandike `Slice=bakapu.slice`. Kundi hilo litakaa juu kabisa, ndugu wa `system.slice`, si mtoto wake. Kisha:

`systemctl set-property bakapu.slice IOWeight=20`
`systemctl set-property system-postgresql.slice IOWeight=300`

Uzito huanzia 1 hadi 10,000, na usipoandika kitu ni 100. Kwa hiyo kila kilichomo ndani ya `system.slice`, kwa pamoja, kina 100 dhidi ya 20 ya bakapu: tano kwa moja wakigombania. Wakiwa hawagombanii, bakapu inachukua diski yote, na ndiyo raha ya uzito. Ndani ya `system.slice`, PostgreSQL inaitangulia Samba. Samba usiigawe zaidi. Prosesi zake zote zibaki kundi moja, BFQ itazipa zamu zenyewe humo ndani.

Uzito unataka mpangaji anayeuelewa, kwa hiyo weka BFQ: `echo bfq > /sys/block/sda/queue/scheduler`, halafu uiandike kwenye kanuni ya udev, inayopanga vifaa mashine inapowaka, ili ibaki baada ya mashine kuzimwa, maana yenu inazimwa kila siku. Tia pia 0 kwenye `/sys/block/sda/queue/iosched/low_latency`. Pasipo hivyo BFQ hupandisha uzito wa baadhi ya prosesi kwa hiari yake ili kompyuta ya mezani iwe nyepesi, na hesabu zako zinavurugika. BFQ inafaa diski ya sumaku kwa sababu nyingine pia: hugawa huduma kwa bajeti, na kwa prosesi inayorukaruka diski nzima huhesabu muda iliotumia. Ndicho kilekile nilichokuambia kinagombewa.

Kikomo cha megabaiti, `IOReadBandwidthMax`, nakiweka nyuma. Kilobaiti 640 za kurukaruka zinaila diski nzima huku kikomo cha megabaiti 20 kikikuonyesha kuna nafasi tele. Kitumie kwa rsync tu, inayosoma mfululizo, na baada ya kuona kwamba uzito haukutosha.

Kwenye kuandika, kuwa mwangalifu zaidi. Programu ikiandika faili, data inaingia kwanza kwenye kumbukumbu, kisha uzi wa kerneli ndio unaoipeleka diskini baadaye. Katika muundo wa kwanza wa cgroup, maandishi hayo yalihesabiwa kwa kerneli na mwandishi halisi akapona. Muundo wa pili unayarudisha kwa kundi lenye kurasa hizo za kumbukumbu, mradi udhibiti wa kumbukumbu nao umewashwa na mfumo wa mafaili unakubali. Ext4, XFS na Btrfs zinakubali. Ila faili moja huhesabiwa kwa kundi moja. Makundi mawili yakiandika faili lilelile, mmoja atabebeshwa mzigo wa mwenzake. Hiyo ni sababu nyingine ya kupanga kwa huduma: huduma moja na mafaili yake.

Na sasa kosa langu mwenyewe, nililolifanya katika ofisi moja hapa mjini. Kulikuwa na kazi ya kuhamisha nyaraka za zamani, nikaipa kikomo cha kuandika cha megabaiti 2 kwa sekunde ili isimguse mtu. Ilikuwa inaandika kwenye ext4 ileile iliyobeba hifadhidata. Nikaondoka nimeridhika. Siku ya pili nikaitwa. Dereva wa lori amesimama dirishani na karatasi mkononi, karani amebonyeza kitufe cha kuhifadhi, na skrini imekaa vilevile. Taa ya diski haikuwa imewaka moja kwa moja, ilikuwa ikipepesa polepole. Diski ilikuwa na nafasi, lakini hifadhidata ilikuwa inangoja.

Sababu ni daftari la ext4, ambamo mfumo huo wa mafaili huandika mabadiliko yake kwanza, nalo ni moja kwa watu wote wa partisheni hiyo. Katika hali yake ya kawaida, kabla ya kufunga ukurasa wa daftari, data za mafaili yaliyoingia kwenye ukurasa huo lazima ziwe zimefika diskini. Hifadhidata ilipotaka uhakika kwamba ankara imeandikwa, ilibidi ingoje ukurasa ufungwe, na ukurasa uling'ang'aniwa na kazi niliyoifunga miguu. Tangu siku ile sibani uandishi wa kundi lolote linaloshiriki mfumo wa mafaili na hifadhidata.

Hukunieleza bakapu yako inaandikwa wapi, na hili linanitia wasiwasi kuliko yote uliyoyaandika. Kama inaandikwa kwenye diski hiyohiyo ya terabaiti 2, mwanangu, huna bakapu. Diski ikifa inakufa na nakala yake, na ankara za wateja zinakwenda nayo. Tafuta diski ya pili, hata ya kuchomeka kwa USB, uipandishe kwenye `/mnt/bakapu`. Utapata nakala ya kweli, daftari litakuwa mbali na la hifadhidata, na nusu ya ugomvi wa kichwa cha diski utakwisha kabla hujaandika uzito wowote.

Kabla ya kubadilisha chochote, pima. Tangu toleo la 4.20 la mwaka 2018 kerneli inaeleza ni sehemu gani ya muda prosesi zilikuwa zimekwama zikingoja diski, na inaeleza hivyo kwa kila kundi:

`cat /sys/fs/cgroup/system.slice/system-postgresql.slice/io.pressure`

Tazama mstari unaoanza na `some`, kwenye `avg60`: ni asilimia ya dakika iliyopita ambapo angalau prosesi moja ya PostgreSQL ilikuwa inangoja. Iandike saa saba kasoro robo, iandike tena saa saba na robo, siku tatu mfululizo, ndipo ubadilishe jambo moja tu na uandike tena. Bakapu itakayochukua muda mrefu zaidi isikutishe, mradi iwe imemaliza kabla hamjazima umeme.

Na kama hiyo namba ya saa saba kasoro robo, bakapu ikiwa bado haijaanza, ni kubwa tayari, basi acha makundi kwanza. Hapo PostgreSQL inasoma kurasa nyingi kuliko inavyostahili. Niandikie RAM ya mashine ni kiasi gani na jedwali la ankara lina faharasa zipi, tuanzie huko.